SOMO: KUTAFUTA NYUMBA YA KUPANGA BAADA YA KUFILISIKA

Maandiko ya kusoma nyumbani: 2 Wafalme 4:1-10; Kumbukumbu la Torati 24:10-13; Mithali 22:26-27; Matendo 28:30; Filemoni 17-22.

Amani iwe katika nyumba zenu, na kwa wale wasio na nyumba, amani iwe nao mahali walipolala.

Somo la leo linahusu jambo ambalo wengi wanalibeba kwa siri. Katika mji wetu wa Goma ni wachache ambao hawajaona mtaji ukikatika. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka mpaka katikati ya mji, ikafunika maduka na bohari, na watu zaidi ya laki moja wakabaki bila makao. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitoka moto tena, nyumba nyingi za upande wa Buhene zikateketea, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini, maduka na bohari nyingi zikaporwa, na benki zikafunga milango. Mwenye akiba benki akawa kama asiye nayo, na aliyemkopesha mwenzake hakulipwa. Tukiongeza magonjwa, matanga na mali iliyoharibika njiani, tunaona namna mtu mwenye bidii anavyoweza kulala mfanyabiashara na kuamka mdaiwa.

Baada ya hapo inakuja siku ya kutoka katika nyumba ya zamani, kwa sababu kodi yake haiwezekani tena. Huyo ndugu anatafuta nyumba nyingine. Mwenye nyumba anataka garanti. Komisioneri anajua habari zake, na maneno yanatangulia mbele yake kutoka Birere mpaka Ndosho: "Yule amefilisika, mwangalieni." Katika Marekani, ambako ndugu wengi wa Kongo wamehamia, habari ya kufilisika inaandikwa katika kumbukumbu za madeni na inaweza kukaa humo hadi miaka 10, mwenye nyumba anaomba kuisoma kabla ya kutoa ufunguo. Kwetu mwenye nyumba hana daftari kama hilo la kusoma, lakini midomo ya watu inafanya kazi ileile, na haina mwaka wa kufuta.

Basi tujifunze pamoja: mtu huyu afanye nini? Mwenye nyumba aliye mwamini afanye nini? Na sisi kanisa tufanye nini?

I. KUFILISIKA SI WIZI

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Kuna mtu aliyeanguka, na kuna mtu aliyedanganya.

Tangu Septemba 2012 nchi yetu iko chini ya sheria za biashara za OHADA, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika. Sheria yake juu ya madeni ya biashara ilirekebishwa mwaka 2015. Inasema kwamba mfanyabiashara ambaye hawezi tena kulipa madeni yaliyofika siku yake kwa mali aliyo nayo mkononi, anapaswa kwenda kulitangaza jambo hilo mbele ya korti ndani ya siku 30. Korti inaweza kumsaidia apatane na wadai na kuinuka tena, au, kama hakuna tumaini, mali yake iuzwe na wadai wagawiwe. Kwa hiyo sheria yenyewe inakubali kwamba mtu anaweza kuanguka bila kuwa mwovu.

Lakini sheria hiyohiyo inaadhibu mtu anayeficha mali, anayeandika hesabu za uongo, au anayehamisha bidhaa usiku kwenda kwa shemeji ili wadai wasizione. Hilo ni kosa la jinai. Tunawaomba sana wapendwa: siku mtaji unapokatika, usifiche hata gunia moja. Gunia lililofichwa linageuza msiba wako kuwa hatia yako.

Jambo la pili. Wengi wanatishwa kwamba deni ni gereza. Mapatano ya Mataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa, ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 1976, yanakataza katika kipengele cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Anayefungwa kwa haki ni yule aliyedanganya au aliyekula mali ya amana. Ndiyo maana kusema kweli tangu mwanzo kunamlinda mtu hata mbele ya sheria.

Jambo la tatu. Wafanyabiashara wengi wadogo wa Goma, wauza ndizi, wenye kibanda cha simu, mama wa samaki za Kituku, hawafiki kortini. Kufilisika kwao kunajulikana sokoni tu. Hata hivyo kanuni ni moja: sema, hesabu, patana.

II. MJANE WA WAKATI WA ELISHA

Someni 2 Wafalme 4. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii alimlilia Elisha. Mume wake, mcha Mungu, alikufa na deni, na mdai alitaka kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Tuangalie mambo manne.

Kwanza, aliyekuwa na deni alikuwa mcha Mungu. Kwa hiyo tusiseme haraka kwamba kila aliyefilisika amelaaniwa.

Pili, nabii hakumwambia mjane kwamba deni limefutika. Alimwuliza ana nini nyumbani. Mama huyo alikuwa na chupa ya mafuta tu, naye nabii akaanza na hiyo. Wako leo wanaokimbia huku na huku kutafuta neno la kuambiwa kwamba wadai watasahau. Nabii wa kweli alimfanya mama ahesabu kilichobaki.

Tatu, majirani walimwazima vyombo vitupu. Hawakuwa na fedha ya kumlipia, lakini kila mmoja alikuwa na chombo. Hapo kila mmoja wetu ana nafasi.

Nne, tuone utaratibu aliopewa: auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na watoto waishi kwa kilichobaki. Deni halikusahauliwa, na watoto hawakusahauliwa. Mungu hakutaka mama huyo alipe mpaka watoto walale nje, wala hakutaka wale wote huku mdai analia.

Tena, katika sura hiyohiyo, mara baada ya habari ya deni, inakuja habari ya chumba. Mama wa Shunemu na mume wake walimtengenezea Elisha chumba kidogo, wakaweka kitanda, meza, kiti na taa. Chumba hicho kilikuwa na vitu vinne tu, na mtumishi wa Mungu alipumzika humo. Aliyezoea sebule kubwa ya Himbi akumbuke chumba hicho anapoonyeshwa nyumba ya mbao ya Katoyi.

III. KABLA YA KUTAFUTA NYUMBA

Ndugu uliyefilisika, fanya haya kabla ya kumwita komisioneri.

1. Waite wadai wako. Usingoje wakufuate na kukupigia kelele mbele ya watoto. Wakusanye, pamoja na mzee mmoja wa kanisa au wa familia. Waonyeshe kilichobaki, na kila deni liandikwe: jina, kiasi, tarehe, na kile utakachotoa kila mwezi. Wote watie sahihi. Kila unapolipa, hata dola 5, omba desharje na uitunze. Waambie wazi pia kiasi cha nyumba. Mdai akijua mapema kwamba unahama ili upunguze kodi, atakubali kuliko akisikia sokoni kwamba umepata fedha ya garanti wakati yeye hajaona kitu.

2. Piga hesabu ya kuingia, si ya kodi tu. Tuchukue mfano. Nyumba ya dola 100 kwa mwezi: garanti ya miezi mitatu ni 300, mwezi wa kwanza 100, na komisioneri akidai mwezi mmoja ni 100 nyingine. Jumla 500. Nyumba ya dola 40: garanti 120, mwezi wa kwanza 40, komisioneri 40. Jumla 200. Tofauti ya dola 300 inaweza kumnyamazisha mdai mmoja au kuanzisha biashara ndogo ya mama. Usione aibu ya kushuka.

3. Usikope garanti kwa Banki Lambert. Tunasema hili kwa nguvu kwa sababu ndiko wengi wanakozama mara ya pili. Tuseme umekopa zile dola 200 kwa riba ya 30 kwa mia kila mwezi. Mwisho wa mwezi unadaiwa 260. Ukishindwa ukalipa riba tu, unatoa dola 60 kila mwezi, na deni la 200 liko palepale. Riba peke yake imeipita kodi ya nyumba ya dola 40! Umeingia katika nyumba moja na unalipa mbili na nusu.

4. Tafuta garanti katika njia safi. Uza kitu: runinga, kochi, kitanda cha wageni. Omba zamu yako ya likelemba ije mapema, kama wenzako wanakubali. Kama wewe ni mshiriki wa MUSO au AVEC, eleza hali yako huko. Omba mwenye nyumba akubali garanti kwa vipande viwili, na iandikwe. Tena ukumbuke garanti ya nyumba unayotoka: idai kwa heshima, baada ya kukagua nyumba pamoja na mwenyewe.

IV. MBELE YA MWENYE NYUMBA

Hapa ndipo moyo unapodunda. Niseme au ninyamaze? Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mwenye nyumba wa Goma atasikia, leo au wiki ijayo. Akisikia kwa mwingine, utakuwa mtu wa madeni na mwongo pia. Akisikia kwako, utakuwa mtu wa madeni anayesema kweli, na mtu wa namna hiyo si wengi wanaokutana naye.

Si lazima ueleze kila kitu. Sema kwa ufupi, kwa heshima, kwa mfano hivi:

"Papa, nilikuwa na depo ya unga pale Birere. Mtaji ulikatika, na bado nina madeni. Tumeandikiana na wadai wangu, karatasi ni hii. Sasa ninafanya kazi hii, na mama watoto anauza mboga Virunga. Nyumba ya dola 40 ninaiweza, ya 70 siwezi. Ukitaka kuuliza habari zangu, uliza kwa shefu wa avenyu tulikotoka, au kwa mchungaji wetu."

Mwenye nyumba anaogopa nini? Anaogopa kukosa kodi. Anaogopa wadai waje kugonga mlango wake. Anaogopa mtu atakayehama usiku. Majibu yako yaguse hofu hizo tatu. Mwonyeshe risiti za kodi ulizolipa zamani, kama unazo. Mpe majina ya watu wanaokujua. Mwambie wadai wako watalipwa wapi, kwamba ni kwa mzee fulani na si nyumbani.

Kisha mjue sheria. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya upangaji wa nyumba, inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu. Wako wanaodai sita au zaidi, na mtu aliyefilisika ndiye anayebanwa kuliko wote, kwa sababu anaona hana pa kwenda. Sema kwa upole kwamba sheria imeweka miezi mitatu. Mkishindana katika mambo ya upangaji, sheria inataka kwanza upatanisho mbele ya ofisi ya serikali inayoshughulikia makazi, ndipo korti.

Usiingie nyumba bila karatasi. Iandike kodi, garanti, siku ya kulipa, nani analipa maji na umeme, na hali ya nyumba siku ya kuingia: mabati yanayovuja, mbao zilizooza, kufuli, choo. Usimpe komisioneri garanti mkononi. Mpe mwenye nyumba mbele ya shahidi, upate risiti. Wako waliolipa kwa mtu asiye mwenye nyumba, na mtu aliyekwisha kuanguka mara moja hawezi kubeba pigo hilo.

Ukiisha kuingia, kodi iwe ya kwanza kila mwezi. Na mwezi ukiwa mgumu, usizime simu. Nenda kabla ya tarehe, ueleze, utoe ulicho nacho.

V. KWA WENYE NYUMBA WALIO WAAMINI

Tunajua kwamba wengi wenu si matajiri. Mama mjane ana nyumba mbili za mbao katika Majengo, na kodi ya moja ndiyo ada ya shule ya watoto wake. Asipolipwa, naye anaanguka. Kwa hiyo hatuwaambii mpangishe bure.

Tunawaomba mambo haya. Msimhukumu mtu kwa neno la komisioneri, mwulizeni mwenyewe. Tena tazameni analipaje sasa, si alianguka namna gani zamani. Msipandishe garanti kwa sababu mnaona ana shida. Na akichelewa, msing'oe mlango wala mabati, wala msitupe vyombo vya watoto njiani. Torati, katika Kumbukumbu 24, inamkataza mdai kuingia katika nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, mwenyewe amletee. Na kama maskini aliweka rehani vazi lake la kujifunika, lirudishwe jua likichwa, apate kulala nalo. Ona: Mungu hakufuta haki ya mdai, bali aliweka mpaka mlangoni. Deni ni la mtu mzima. Usingizi wa watoto usiwekwe rehani.

VI. KWA KANISA LOTE

Je, kanisa limdhamini ndugu huyu? Hapa Maandiko yanaonekana kusema mambo mawili. Mithali 22 inaonya: usiwe mdhamini wa madeni kama huna cha kulipa, usije ukanyang'anywa hata kitanda unachokilalia. Lakini Paulo, katika waraka kwa Filemoni, anasema kama Onesimo anadaiwa kitu, kiandikwe juu yake yeye Paulo, naye anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa.

Hayapingani. Mithali inamkataza mtu kuahidi asichokuwa nacho. Paulo alimjua Onesimo, alimjua Filemoni, na aliandika wazi. Basi nasi tufuate njia hiyo:

- Mchungaji au baraza la wazee wanaweza kutoa barua ya ushuhuda: kwamba tunamjua ndugu huyu, familia yake, miaka aliyokaa nasi, na kwamba madeni yake yameandikwa. Barua isiseme "hana deni" kama analo. Barua moja ya uongo inaziua barua zote za kanisa baada yake.

- Asiye na fedha asitie sahihi ya kudhamini fedha. Aseme anachoweza: kushuhudia, kupatanisha, kubeba mizigo siku ya kuhama.

- Anayeweza kudhamini aandike kiasi na mwisho wake: "Ninadhamini kodi ya miezi miwili, si zaidi." Mke na mume wakubaliane kwanza.

- Mama wa kanisa wamtembelee mke wa ndugu huyu. Mara nyingi yeye ndiye aliyesikia habari ya deni mwisho, na ndiye wa kwanza kuulizwa na majirani.

- Tusimweke nyuma ya kanisa. Kama alikuwa anaimba, aendelee kuimba. Kama alikuwa anatoa dola 20 na leo anatoa faranga mia tano, tupokee kwa mkono uleule.

Na tuone jambo la kufurahisha. Paulo aliyeandika habari ya deni la Onesimo, mistari michache baadaye, katika mstari wa 22, anamwomba Filemoni amtayarishie mahali pa kulala. Mtu huyohuyo, kama tunavyosoma mwisho wa Matendo, alikaa Roma miaka miwili mizima katika nyumba ya kupanga, kwa gharama yake, akiwa mfungwa aliyelindwa na askari. Mwenye nyumba yule alimpangisha mtu mwenye minyororo. Jina lake hatulijui, lakini katika nyumba yake watu walisikia habari njema. Hatujui ni nani tunayemfungia mlango.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika 2 Wafalme 4, nabii alimwuliza mjane nini? Wewe ukiulizwa leo, utajibu nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya aliyeanguka na aliyeficha mali?
3. Pigeni hesabu: dola 150 za Banki Lambert kwa riba ya 30 kwa mia, ukilipa riba tu miezi sita, umetoa kiasi gani, na umebaki na deni gani?
4. Katika kikundi chetu, nani ana chombo kitupu cha kumwazima jirani? Si fedha tu: nafasi ya kuweka vyombo, mkokoteni au chukudu ya kuhamishia, neno kwa mwenye nyumba.
5. Kama wewe ni mwenye nyumba, ni kitu gani mpangaji mwenye madeni akikuonyesha utamkubali?

Wapendwa, yupo ndugu kati yetu anayelala wiki hii katika sebule ya watu pamoja na watoto wake, naye anakuja ibadani akiwa amevaa vizuri ili tusijue. Asifiche tena. Aende kwa mzee wake kabla ya mwezi kuisha, na karatasi ya madeni mkononi. Na mzee asimwulize kwanza, "Ilikuwaje?" Amwulize kama Elisha: "Umebaki na nini nyumbani?" Kisha watembee pamoja kutafuta nyumba.

Bwana awabariki, awape kila mmoja mlango wa kuingia na amani ya kulala. Amina.